Maswali ya Wasomaji: Watoto Wanapojiongoza Wenyewe Mtaani

Likizo imeanza na watoto wamekwisha gawana vyeo. Maswali ya safari hii yametoka kwa wazazi na kwa watoto wenyewe.

Watoto wa mtaa wetu, kama ishirini hivi, wa miaka 7 hadi 13, wameunda serikali yao ya likizo. Wana mwenyekiti, sheria kumi na tisa kwenye daftari, na adhabu. Wiki ya kwanza ilikuwa raha tupu. Sasa mwenyekiti, ambaye ndiye mkubwa kuliko wote, anawafukuza wadogo uwanjani na kuwatoza faini ya pipi. Sisi wazazi tuivunje? — Mama wa watoto watatu, Tanga

Msiivunje, mama. Tazama kwanza kazi alizojilimbikizia huyo mwenyekiti: ametunga sheria, anashitaki, anahukumu, na faini anaila yeye. Hata mtu mzima mwema angeharibika kwa mpangilio huo. Watenganishieni kazi hizo, na ugomvi mwingi utapungua.

Anzeni na muda. Uongozi wa likizo nzima, kwa mtoto wa miaka 8, hauna mwisho. Uwe wa wiki moja, na aliyemaliza asirudi wiki inayofuata. Kura isipigwe kwa kunyoosha mikono, kwa sababu wadogo hutazama kwanza mkono wa mkubwa ndipo wanyooshe wa kwao. Tumieni makopo: kila mgombea kopo moja lenye alama yake, yote yapangwe nyuma ya kanga iliyotandazwa kwenye kamba, kila mtoto aingie na jiwe moja. Wekeni kitambaa ndani ya kila kopo, maana jiwe likilia kwenye bati wote watajua limeangukia wapi.

Sheria kumi na tisa ni nyingi mno. Zibaki tano, na kila moja iwe fupi kiasi kwamba mdogo kuliko wote anaweza kuisema bila kusoma. Ikitakiwa ya sita, watoto wachague ipi itoke.

Kuhusu adhabu, kuna mfano wa kweli unaofaa kujulikana zaidi. Mwaka 1912 daktari Janusz Korczak, pamoja na mwalimu Stefania Wilczyńska, walifungua nyumba ya yatima mtaa wa Krochmalna, Warsaw, nchini Poland. Watoto wapatao mia moja walikuwa na bunge lao, ubao wa matangazo, na mahakama. Waamuzi watano walipatikana kwa kura ya bahati miongoni mwa watoto ambao hawakuwa na kesi juma lile. Kwa njia hiyo hakuna aliyeweza kujipangia waamuzi, na mtoto aliyetaka kuhukumu ilibidi kwanza ajichunge mwenyewe. Vifungu vya mwanzo vya sheria za mahakama hiyo, kuanzia cha 1 hadi cha 99, vilihusu kufuta kesi au kusamehe. Ukali ulianza kifungu cha 100 na kupanda kwa mamia hadi 1000, yaani kufukuzwa. Walezi nao walishitakiwa: Korczak mwenyewe, katika nusu mwaka, alifikishwa mbele ya watoto mara tano, mojawapo kwa sababu alimzaba kijana mmoja kofi la sikio.

Kwa mtaa wenye watoto ishirini, waamuzi watatu wanatosha, wachaguliwe kwa bahati kila Jumamosi. Kesi iandikwe leo, isikilizwe kesho. Kulala na kesi kuna faida kubwa: aliyekasirika saa kumi jioni, asubuhi anamfuata mwenzake wakacheze. Waamuzi wawe na maamuzi matatu tu: kusamehe, kuomba radhi, au kutengeneza kilichoharibiwa. Faini, viboko na kumtenga mtoto zaidi ya siku moja visiwepo kabisa. Mtoto akitengwa siku tatu hujifunza kukaa peke yake, na kurudi kunakuwa kugumu.

Na ninyi wazazi mbakishe mamlaka juu ya mambo matatu: kuumizana, mahali pa hatari kama barabara, maji na umeme, na jambo lolote ambalo watoto wameambiwa walifiche wazazi. Mengine mkae nayo mbali kidogo, mahali ambapo ukiitwa unasikia. Yule kijana mkubwa msimwaibishe. Mpeni kazi yenye uzito unaolingana na umri wake, kama kuchezesha mechi za wadogo au kufundisha kusuka mpira. Mkubwa akikosa kazi ya ukubwa, anachobaki nacho ni ubabe.

Shikamooni. Tuko 27. Tulichanga shilingi 200 kila mmoja tukapata 5,400 za kununua mpira. Mweka hazina alikaa nazo kwao. Juzi tumehesabu ziko 3,100. Yeye hajui zimekwenda wapi na wenzangu wanamwita mwizi. Tufanyeje? — Mwanafunzi wa miaka 12, Morogoro

Marahaba. Neno "mwizi" liondoeni kwanza, kwa sababu hamna ushahidi nalo. Pesa za chenji zikikaa kwenye kopo nyumbani huazimwa: kaka anachukua mia tano ya nauli, mtu anachukua ya chumvi, kila mmoja akisema atarudisha kesho. Mweka hazina anaweza kuwa hajala hata senti. Muulizeni kwa upole, watu wawili tu, mbali na wengine, kama kuna mtu wa nyumbani aliyeazima. Kama yupo, mzazi aombwe azirejeshe. Kama hajulikani, mwambieni mzazi mmoja mnayemwamini, kisha wote mkubaliane kuzisahau zile 2,300 na kuanza upya.

Kosa lilikuwa kumwachia mtu mmoja kila kitu. Safari ijayo wagawane watatu: mmoja akae na kopo, wa pili na daftari, wa tatu ahesabu mbele ya wote siku mliyopanga. Kopo lifungwe kwa gundi, litobolewe tundu jembamba juu, lifunguliwe siku ya kununua tu. Daftari liwe na safu tatu: jina, kiasi, tarehe. Na ikiwezekana mchangishe asubuhi na kununua siku hiyohiyo. Pesa inayosubiri ndiyo inayopotea.

Asiye na 200 asibaki nje. Alete kamba, fulana kuukuu au kazi ya mikono yake, na iandikwe kwenye safu ya kiasi kama mchango kamili.

Mpira wetu wa chandimu unafumuka kila baada ya siku mbili. Na mwenye mpira wa dukani akifungwa anauchukua anaenda nao kwao. — Kikosi cha miaka 9 hadi 12, Kigamboni

Mpira wa dukani ni wake, na mkitegemea cha mtu mtacheza kwa ruhusa yake kila siku. Sukeni wenu, uwe mali ya kundi, ulale kila siku nyumba tofauti.

Mpira unaofumuka huwa umeanza na kiini kilicholegea. Mnahitaji sponji la godoro kuukuu, fulana tatu au nne zisizovalika, soksi ndefu mbili, tyubu mbili za baiskeli zilizokwisha na kamba ya nailoni kama mita 12. Mifuko ya plastiki tuliyokuwa tukiitumia zamani imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019. Kitambaa kinaifidia vizuri.

Sponji likunjwe na kufungwa kwa uzi hadi liwe na ukubwa wa nazi iliyofuliwa. Likibonyea kwa kidole gumba mpaka ndani, kaza tena. Fulana zikatwe vipande virefu vya upana wa sentimita 4. Zungusha kipande ukikivuta, na kila mzunguko mmoja geuza mpira robo, usirudie njia ileile mara mbili mfululizo. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanazungusha upande mmoja mpaka mpira unakuwa na umbo la yai, kisha wanajaribu kuurekebisha kwa kamba. Kamba hairekebishi umbo.

Tumbukiza kwenye soksi, sokota mdomo wake, geuza sehemu iliyobaki irudi kuufunika mpira, kisha ingiza soksi ya pili kutoka upande wa pili. Tyubu ikatwe kwa urefu, ukanda wa sentimita 2, izungushwe ikiwa imevutwa. Mpira hupata mdundo wake hapo. Mwisho ni kamba: mizunguko 12 inayokutana juu na chini kama mistari ya tikiti maji, halafu kamba iliyobaki ipite kwa kukata, na kila inapokutana na mzunguko ipigwe fundo dogo. Fundo la mwisho lizamishwe ndani kwa njiti, kwa sababu fundo lililotokeza linachubua mguu usio na kiatu.

Ukipima kwa kamba, mzingo uwe sentimita 45 hadi 48. Utaona ni mdogo kuliko wa dukani, na ndivyo unavyotakiwa. Wa dukani namba 4 una mzingo wa sentimita 63.5 hadi 66 lakini umejaa hewa, uzito wake gramu 350 hadi 390. Wa kitambaa ukiufanya mkubwa hivyo utapita kilo moja na kuvunja vidole. Upimeni kwenye mizani ya duka la mtaa. Ukizidi nusu kilo, punguzeni fulana na muongeze sponji. Msiupige kichwa, na mvua ikinyesha uingizwe ndani. Ukilowa, uning'inizwe kwenye upepo siku mbili, usianikwe juu ya bati la moto kwa sababu tyubu itakauka na kupasuka.

Baba anasema kuwa na baraza letu ni kupoteza muda. Je, tuna haki? — Msichana wa miaka 11, Dodoma

Mnayo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unatambua haki ya mtoto kusikilizwa katika mambo yanayomhusu (ibara ya 12), kujiunga na wenzake kwa amani (ya 15), na kupumzika na kucheza (ya 31). Lakini usimfungulie baba ibara mezani. Mkaribishe akae kwenye kikao kimoja, nusu saa, asikilize bila kusema. Mpangilie kikao chenye jambo la kuamuliwa, kwa mfano ratiba ya uwanja, ili aone mkianza hamjakubaliana na mkimaliza mmekubaliana. Kazi za nyumbani ziwe zimekwisha kabla hajafika.

Tunapenda rede lakini wadogo wanatoka dakika ya kwanza wanaanza kulia. Tuna kiwanja kidogo. — Watoto wa nyumba sita, Mombasa (sisi tunaiita kati)

Chezeni ile ya kujaza chupa. Warushaji wawili wasimame umbali wa mita 8 hadi 10, katikati awepo mchezaji mwenye chupa ya plastiki ya nusu lita na rundo la mchanga. Anajaza kwa mikono huku akikwepa mpira. Chupa ikijaa anaimwaga na kuhesabiwa pointi moja, akipigwa anatoka.

Ili wadogo wapate nafasi, pigeni mistari mitatu kwenye chupa: mwenye miaka 7 hujaza hadi theluthi, wa 10 hadi nusu, wa 13 mpaka juu. Mnaanza kuona mdogo akifunga pointi tatu wakati kaka yake hajamaliza ya kwanza, na kilio kinahamia upande mwingine! Mpira uwe wa soksi, ukubwa wa chungwa, na unahesabika ukigusa chini ya kiuno tu. Warushaji wabadilishwe kila baada ya mitupo 10, la sivyo wenye mkono mzuri hawaachii.

Mchanga uwe mkavu. Uliolowa huganda shingoni mwa chupa, na mtoto anayeusukuma kwa kidole haoni mpira unaokuja. Kabla ya kuanza, watoto wawili wapite uwanja mzima wakiokota vigae na misumari.

Tiara yetu inapanda kidogo, inazunguka kama pangaboi, inadondoka. — Ndugu wawili, Bagamoyo

Mkia ni mfupi. Tiara yenye uti wa chelewa sentimita 50 inataka mkia wa mita 2.5 hadi 3, wa vitambaa vilivyofungwa kila shubiri moja. Ongezeni kidogo kidogo. Ikiacha kuzunguka lakini haipandi tena, mkia umezidi, kateni kipande. Kama inaegemea upande mmoja siku zote, mkia hauna kosa. Chelewa ya kukingama ni nzito upande huo, kwa hiyo ipareni kwa kisu mpaka iweze kulala sawa juu ya kidole ikiwekwa katikati. Ifungwe sentimita 12 kutoka juu, na karatasi igandishwe kwa uji mzito wa ngano, safu nyembamba, maana uji mwingi ukikauka unaipinda.

Rusheni ufukweni au uwanja usio na nguzo za umeme, kwa uzi wa pamba mkavu, kamwe si waya wala uzi uliolowa. Tiara ikinasa kwenye nyaya, achia uzi hapohapo na usimwite mtu kuja na mti kuitoa.