Barua Iliyojibiwa Inaitwaje kwa Kiingereza?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni karani wa masjala hapa Upper Hill. Naingiza kwenye kompyuta barua za zamani za ushirika wa kahawa, na kila zinapohusiana naandika "related". Mkuu wangu analikataa neno hilo. Niandikeje?
Karani, Nairobi

JIBU: Marahaba. Mkuu wako yuko sahihi: neno hilo halisemi ni uhusiano gani. Barua inayojibu ni "reply". Hilo ni rahisi. Ugumu uko kwa ile iliyojibiwa, kwani Kiingereza cha kila siku hakina nomino yake. Watu wa kompyuta huiita "parent", yaani mzazi, lakini mimi nisingelitumia masjalani. Msomaji aweza kudhani mzazi ndiye aliyeandika. Weka "In reply to", kisha tarehe na nambari ya kumbukumbu. Kanuni za baruapepe za mwaka 1982 zilikuwa na sehemu yenye jina hilohilo. Mfululizo mzima ni "thread", uzi, neno ninalolipenda sana. Na tafadhali, barua iliyotiwa kwenye bahasha pamoja na nyingine ni "enclosure", hata kama haijibu chochote. Ya kukumbusha iite "reminder".