Je, mtungi umeharibu insulini ya mjukuu wangu?

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi ni bibi, nakaa Tongoni, nalea mjukuu wangu wa kiume wa miaka minane mwenye kisukari. Anachomwa ile insulini nyeupe kama maziwa, uniti 16 asubuhi na 8 jioni. Hatuna friji. Dawa nilikuwa nikiiweka kwa jirani, lakini kugonga mlango wa watu alfajiri na magharibi kukanitia haya, nikaihamishia mtungini. Tangu hapo sukari yake ya asubuhi haishuki chini ya 18. Ndani ya kichupa naona chengachenga nyeupe zimegandia kioo. Zilianza kwa jirani, siku niliyoikuta imeshikana na barafu. Namchoma paja la kulia, ndipo anapovumilia. Shangazi yake anasema mtungi umeua dawa, na ugonjwa wenyewe nimempa mimi kwa kumlisha halua. Ni kweli?

JIBU: Shikamoo bibi. Mimi ni mfamasia hapa Tanga mjini, na chengachenga hizo ndizo zilizonipa jibu. Kichupa hicho kimekufa, wala hakikufia mtungini. Kimefia kwenye friji, siku kiliposhikana na barafu.

Insulini nyeupe ya kuchomwa asubuhi na jioni mara nyingi ni mchanganyiko. Sehemu yake ni insulini ya haraka. Sehemu kubwa imefungwa katika chembe ndogo mno zinazoyeyuka polepole chini ya ngozi, ili dawa imfikishe mtoto asubuhi. Barafu huzigandamanisha chembe hizo. Ikishayeyuka, utaona vipande vinaelea au utando umeshika kioo, na hata ukibingirisha kichupa viganjani haichanganyiki. Kuanzia hapo ukivuta uniti 16 hujui umevuta dawa kiasi gani na maji kiasi gani. Insulini nzima, ukiibingirisha taratibu mara ishirini bila kuitikisa, huwa nyeupe sawasawa kama tui zito. Na iliyowahi kuganda hutupwa hata ikionekana safi.

Kwa hiyo leo hii, si kesho, mpeleke mtoto kliniki yake au hospitali iliyo karibu mkabadilishiwe dawa. Asikae bila insulini. Na nakuomba sana, bibi: sukari ikiwa juu ya 14 kwenye kipimo cha mmol/L, naye anatapika, tumbo linamuuma, anapumua kwa kasi na kwa kina, pumzi inanuka kama matunda yaliyooza au anasinzia ovyo, kimbilia hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Mwili umekosa insulini na damu inageuka kuwa na asidi. Watoto wengi wa hali hii hudhaniwa wana malaria, wakati unapotea. Ukifika mlangoni, neno la kwanza liwe: “Huyu ana kisukari.”

Sasa mtungi. Insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8, hapo friji haina mbadala. Iliyofunguliwa ni habari nyingine. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka (MSF), pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva, walipima joto ndani ya nyumba katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, huko Dadaab, Kenya. Usiku lilikuwa nyuzi 25, mchana likipanda hadi 37. Wakaiweka insulini maabara katika joto linalopanda na kushuka vivyo hivyo kwa wiki nne. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: upungufu wa nguvu haukuzidi asilimia 1. Nilipoyasoma niliwafikiria watoto wanaotembezwa kwenda hospitali kila siku kuchomwa sindano kwa sababu tu kwao hakuna friji. Niliwafikiria pia watu wa kwetu wanaogonga milango alfajiri kama wewe. Tongoni, hata kaskazi ikikaza, nyumba yenye kivuli haifiki 37. Mtungi wako hauna kosa.

Lakini usitarajie mtungi wa Tanga ufanye kazi ya mtungi wa Dodoma. Mtungi hupoa kwa sababu maji yanapenya udongo, yanafika nje na kukauka, na yakikauka yanaondoka na joto. Hewa ikiwa imeshiba unyevu, maji hayakauki upesi. Joto likiwa 32 na unyevu asilimia 35, mtungi mzuri unaweza kukaribia nyuzi 21. Joto hilo hilo na unyevu asilimia 70, ndilo fukuto letu la pwani, hauwezi kushuka chini ya 27 hivi. Bado ni nafuu, na kwa kichupa kilichofunguliwa inatosha. Wakati wa kusi, upepo ukiwa mzuri, utauona mtungi wenyewe umekuwa baridi.

Usikitumbukize kichupa katika maji ya kunywa, kata itakigonga na maandishi yatafutika. Chukua vyungu viwili vya udongo, kimoja kiingie ndani ya kingine. Katikati yake jaza mchanga, uumwagie maji asubuhi na jioni. Insulini ikae chungu cha ndani, ndani ya kikopo kikavu chenye mfuniko, juu ufunike kitambaa kibichi. Vyungu visiwe vimepakwa rangi, maana udongo uliopakwa rangi hautoki jasho. Viweke kwenye kivuli chenye upepo, mbali na jiko. Na mkisafiri kuja mjini, mkoba wa dawa usiuache kwenye daladala lililosimama juani. Jua kali kupitia kioo linaharibu insulini upesi kuliko mwezi mzima wa chungu.

Jambo moja najua litakuuma. Kichupa kina mililita 10, yaani uniti 1,000. Mtoto anatumia 24 kwa siku, kwa hiyo katika siku 28 anamaliza 672. Zinabaki 328, na hizo zimwage. Kichupa cha chunguni kisivuke wiki nne hata kama dawa bado ipo, kwa sababu insulini inaweza kupungua nguvu bila kubadilika rangi. Siku unapokifungua, bandika kipande cha plasta na uandike tarehe.

Kuhusu paja la kulia: lipapase taratibu. Ukikuta uvimbe laini au mahali pagumu pasipouma, ndipo anapochomwa kila siku. Mafuta yamevimba pale, hasikii sindano sana, na ndiyo maana anavumilia. Lakini dawa inayoingia hapo hunyonywa ovyo, leo kidogo, kesho nyingi. Paache papumzike. Mhamishe paja la kushoto, tumbo na mikono, na kila sindano ikae umbali wa upana wa kidole kutoka ile ya jana.

Na hapa tafadhali uwe macho. Kichupa kipya kizima, katika ngozi isiyovimba, kitafanya kazi kuliko mlivyozoea wiki hizi. Ikiwa kuna aliyekuongezea dozi kwa sababu ya zile 18, mwambie daktari kabla ya sindano ya kwanza ya dawa mpya. Siku chache za mwanzo mpime mara nyingi zaidi, hata katikati ya usiku. Lengo ni kati ya 4 na 10. Ikishuka chini ya 4, au akitetemeka, akitoka jasho jembamba au akizungumza visivyoeleweka, mpe vijiko viwili vya chai vya sukari katika maji, subiri dakika 15, mpime tena. Akiwa hawezi kumeza, usimtie kitu mdomoni. Mkimbize hospitali.

Shangazi naye umjibu, maana maneno haya yanaumiza walezi bure. Kisukari cha mjukuu wako hakikuletwa na halua. Kinga ya mwili wake imegeuka na kuziua seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Kisukari cha ukubwani, kinachohusiana na unene na kutojishughulisha, ni kingine, na siku hizi kinawapata hata baadhi ya watoto wanene, ndipo watu wanapochanganya. Kwa mtoto wako hakuna chakula ulichompa kilicholeta hili, na hakuna ambacho ungemnyima kikalizuia. Kabla ya 1922, mwaka ambao kijana wa miaka 14 huko Toronto alichomwa insulini kwa mara ya kwanza, madaktari waliwanyima watoto hawa chakula karibu chote, na bado walikufa.

Jirani usimlaumu, wala usiache kumtumia. Kichupa kisichofunguliwa mwombe akiweke rafu ya kati ya friji, mbali na barafu na mbali na ukuta wa nyuma, ndani ya kikopo. Utagonga mlango wake mara moja tu kwa mwezi. Kile kibovu usikitupe bado. Nenda nacho kliniki leo pamoja na daftari la vipimo, waone chengachenga hizo kwa macho yao, na wamshike mtoto lile paja.