Kitabu cha nne kilipokikana kitabu cha kwanza

Ujumbe uliingia usiku, kutoka kwa msomaji wa Tukuyu: "Dada, kwani siku hizi marehemu wanasikika hata kwenye mvua?" Nilijua papo hapo amegusa wapi.

Mfululizo wangu wa riwaya za fantasia umefika kitabu cha tano, na nchi yake nimeichota huku kwetu Mbeya: ziwa lililojificha juu mlimani kama Ziwa Ngozi, migomba ya Rungwe, barabara inayoteremka hadi joto la Kyela. Katika kitabu cha kwanza niliweka mwiko mmoja. Sauti za wafu husikika pale ziwani, lakini mvua ikidondoka tu, zinakatika. Kwa nchi ya mvua kama ya Rungwe, mwiko huo ni mzito. Binti wa hadithi anakosa neno la mwisho la baba yake kwa sababu ya matone machache. Kumbe kitabu cha nne nimemkalisha anazungumza na marehemu mama yake, kurasa tatu nzima, mvua inamwagika. Sikuwa nimekirudia cha kwanza kwa miaka sita.

Msomaji yule aliniambia kwamba alimlilia yule baba. Hilo liliniuma kuliko kosa lenyewe. Kovu la mhusika likihama kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia (katika vitabu vyangu lilihama), unasahihisha toleo lijalo na unawaambia wasomaji wazi. Mwiko ukivunjika ni jambo jingine. Kama wafu wanasikika kwenye mvua, basi yule baba alinyamazishwa na nini? Umemnyang'anya msomaji machozi aliyokwisha kuyatoa.

Kwa hiyo kabla ya kubuni kisingizio, rudi kwenye kurasa zilizokwisha kuchapwa utafute mahali pa kushika. Mimi nilisoma zile kurasa tatu mara nyingi, mpaka nikaona kwamba mama anamwita binti kwa jina lake kamili. Nyumbani hakuwahi kumwita hivyo. Katika kitabu cha tano, basi, binti anagundua kwamba aliyesema kwenye mvua hakuwa mama, na kwamba siri aliyoitoa usiku ule ameikabidhi kwa adui. Mwiko umesimama, na binti ameulipia.

Hata Tolkien, yule Mwingereza mwandishi wa fantasia, alipitia njia hii. Katika The Hobbit ya mwaka 1937, Gollum, kiumbe wa pangoni mwenye pete ya kichawi, alikuwa radhi kabisa kuitoa pete hiyo kama zawadi ya shindano la vitendawili dhidi ya Bilbo, shujaa wa kitabu. Pete ilipokuja kuwa kitu cha kutisha katika The Lord of the Rings, hilo halikuwezekana tena. Aliiandika upya sura hiyo katika toleo la 1951, na ile simulizi ya zamani akaifanya uongo aliousema Bilbo mwenyewe.

Sasa nina kaunta buku. Ninaandika humo kilichochapwa tu, pamoja na namba ya ukurasa. Ninayoyakusudia hayaingii, maana hayo ndiyo yaliyonidanganya. Miiko ina kurasa zake za mbele. Safari ninaandika kwa siku za kutembea, na misimu kwa kazi za shamba, kwa sababu watu wangu wakivuna mahindi Desemba, msomaji wa Uyole ataacha kuniamini kabla hata hajafika ziwani. Na mswada wa kitabu cha sita, ukikamilika, utaanza kusomwa Tukuyu, na yule aliyeniuliza.