Vanessa si kipepeo

Nilipokuwa nafundisha, kwa miaka 26 kila asubuhi yangu ilianza kwa kuita majina kwenye daftari la mahudhurio. Huko ndiko nilikojifunza kuuliza, kabla ya kufungua kamusi yoyote: nani alikupa jina hili, na siku hiyo nyumbani kulikuwa na nini? Mtu akinijibu hilo, nusu ya kazi huwa imekwisha. Toleo hili nina barua tano.

*Mwalimu, shikamoo. Naitwa Vanessa. Kila ninaposoma naambiwa jina langu ni la Kigiriki na maana yake ni kipepeo. Nataka kuchora kipepeo kwenye kadi za harusi yangu, ila mchumba wangu anasema nikuulize kwanza.*

Marahaba, binti yangu. Mchumba wako amefanya vizuri. Jina lako halikutoka Ugiriki, na ni miongoni mwa majina machache ambayo aliyeyatunga anajulikana. Ni mwandishi wa Ireland, Jonathan Swift. Alikuwa na rafiki wa karibu aliyeitwa Esther Vanhomrigh, akamtungia jina la siri: akachukua Van kutoka mwanzo wa jina la ukoo, akaiunga na Essa, namna ya kumwita Esther kwa mapenzi. Alilitumia katika shairi alilomwandikia. Shairi hilo lilichapishwa mwaka 1726, Esther akiwa ameshafariki, na jina likaanza kusafiri.

Kipepeo alikuja baadaye. Mwaka 1807 mtaalamu wa wadudu kutoka Denmark, Johan Christian Fabricius, aliyekuwa akiwapanga vipepeo katika makundi yao, aliliita kundi mojawapo Vanessa. Yaani jina lilikuwa limeshatembea miaka 81 kabla ya kipepeo yeyote kuitwa hivyo. Walioandika vitabu vya maana za majina wakasoma habari hiyo kinyumenyume, wakaongeza na Ugiriki juu yake.

Kipepeo mchore tu, uhusiano upo. Ila ningekuwa wewe, ndani ya kadi ningeandika kwamba jina la bibi harusi lilitungwa na mtu mmoja kwa ajili ya mtu mmoja. Kwa kadi ya harusi, sioni maana iliyo nzuri kuliko hiyo.

*Kila mtu ananiita Abdul. Mwenzangu kazini anadai jina hilo halijakamilika. Ni kweli?*

Ni kweli. Abd ni mja, na hiyo -ul inasubiri neno la mbele. Ukiishia hapo umesema "mja wa" kisha ukanyamaza. Jina hutimia kwa moja ya majina ya Mwenyezi Mungu: Abdulrahman, mja wa Mwingi wa Rehema, Abdulkarim, mja wa Mkarimu, Abdulaziz, mja wa Mwenye Nguvu. Angalia cheti chako cha kuzaliwa. Sehemu ya pili ndiyo wazazi wako waliyoichagua kwa makini, na ndiyo tunayoikata kila siku.

*Mimi ni Mwislamu, mke wangu ni Mkristo. Mtoto wetu wa kwanza, wa kiume, atazaliwa mwezi ujao. Baba yangu anataka jina la kwenye Kurani, baba mkwe anataka la kwenye Biblia, na sasa hata hawasalimiani. Lipo jina litakalowatosha wote?*

Yapo mengi, ndugu yangu. Musa ni Musa kote kote. Yusufu, Daudi na Suleimani wanahitaji kubadilisha herufi mbili tatu tu. Lakini lipo moja ningelipeleka kwa wazee hao mapema, kwa sababu nalo liligombewa kama linavyogombewa la mwanao.

Ni Yahya, ambaye Wakristo wanamwita Yohana, mwana wa Zakaria. Katika Injili ya Luka, sura ya 1, jamaa walikusanyika siku ya nane wakataka mtoto aitwe Zakaria, kama baba yake. Mama yake, Elisabeti, akakataa, akasema ataitwa Yohana. Wakamjibu kwamba hakuna yeyote katika jamaa zake mwenye jina hilo. Wakamgeukia baba, ambaye siku hizo alikuwa hawezi kusema; akaomba kibao, akaandika kwamba jina lake ni Yohana. Kurani nayo, Sura ya Maryam, aya ya 7, inaeleza Zakaria akibashiriwa mtoto jina lake Yahya, jina ambalo hakupewa mtu kabla yake. Vitabu viwili, na katika vyote jina ni geni kwa ukoo. Halikuwa la babu wa upande wowote. Wakalishe wazee wako pamoja, wasomee sehemu hizo mbili, kisha uwaache kidogo peke yao.

Kuhusu maana: kwa Kiebrania ni Yohanan, Mungu ametenda kwa neema. Kwa Kiarabu, Yahya hutamkwa sawa na kitenzi chenye maana ya "anaishi". Kutoka Kiebrania jina likapita kwenye Kigiriki na Kilatini, kila taifa likalitamka kwa ulimi wake: Waingereza John, Wafaransa Jean, Wahispania Juan, Waitaliano Giovanni, Warusi Ivan, kule Ireland Seán. Hata Hans wa Wajerumani ni mkato wa Johannes. Mwanao akisafiri hatakosa somo wake mahali.

*Daktari ameniambia nina mapacha. Mama mkwe anasema anayetoka kwanza ndiye mkubwa. Bibi yangu anasema mkubwa ni wa mwisho. Nataka majina, na nataka kujua nani ana haki.*

Hongera sana, mama. Bibi yako hayuko peke yake. Wayoruba wa Nigeria huwaita mapacha Taiwo na Kehinde, wawe wa kiume au wa kike. Taiwo ni aliyetangulia kuionja dunia, Kehinde ni aliyekuja nyuma. Na kwao mkubwa ni Kehinde, kwa sababu ndiye aliyemtuma mwenzake atangulie aangalie kama dunia inakalika. Anayetumwa ni mdogo. Kwa hiyo haki anayo kila mmoja wa wazee wako, inategemea mnahesabu hatua au mnahesabu heshima.

Wasukuma wana Kulwa na Doto, na anayewafuata ni Shija. Baganda wa Uganda huwaita wavulana Wasswa na Kato, wasichana Babirye na Nakato, na anayezaliwa baada yao ni Kizza. Wazazi nao hupata majina mapya, baba anakuwa Ssalongo na mama Nnalongo. Hili la mwisho nalipenda kupita yote, maana katika barua nyingi ninazopokea kuhusu mapacha, mama hasahauliki ila siku ya kugawa majina.

Waakan wa Ghana hutazama siku. Kofi Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia 1997 hadi 2006, alizaliwa tarehe 8 Aprili 1938. Ilikuwa Ijumaa, na mvulana wa Ijumaa ni Kofi. Jina lake la katikati, Atta, ni pacha. Dada yake waliyezaliwa pamoja aliitwa Efua, msichana wa Ijumaa. Fikiria basi mapacha ambao mmoja anazaliwa Ijumaa kabla ya saa sita usiku na mwenzake baada yake: huyu ni wa Ijumaa, yule ni wa Jumamosi, na majina yao yatalisema hilo maisha yao yote.

Majina ya namna hiyo hutunza kumbukumbu vizuri. Kwame ni mvulana wa Jumamosi. Padri aliyembatiza Kwame Nkrumah aliandika kwamba mtoto alizaliwa tarehe 21 Septemba 1909, na siku hiyo ilikuwa Jumanne. Nkrumah mwenyewe alieleza kwamba tarehe ya padri ilikuwa ya kukisia. Lililokuwa na uhakika ni Jumamosi. Karatasi ilikosea, jina halikukosea.

Na kama mmoja wa watoto wako ni wa kiume, usimsahau Tomaso. Kwa Kiaramu jina hilo ni "pacha" kabisa, ndiyo maana Injili ya Yohana inamtaja kama Tomaso aitwaye Pacha.

*Mwalimu Tabu, nina miaka 31 na naitwa Mashaka. Kabla yangu mama alizaa watoto wawili, wote hawakufikisha mwaka. Kazini wananitania. Kwenye usaili mmoja niliulizwa kama mtu mwenye jina hili anaweza kuaminiwa. Nimeshachukua fomu za kubadili jina, nafikiria Baraka. Mama yu hai, sijamwambia. Nifanyeje?*

Mwanangu, umeniandikia mimi, na jina langu umeliona hapo juu.

Mama alihangaika kwa uchungu siku mbili mchana na usiku. Bibi yangu alilitamka jina Tabu kabla sijafunikwa nguo. Kwa Kiarabu, neno hilo lilikotoka, ta'ab ni uchovu. Ujanani nililificha, chuoni nilijitambulisha kwa jina la ubatizo na nikamwacha Tabu kwenye vyeti. Nilikuwa na miaka karibu 40 nilipomuuliza bibi kwa nini alinifanyia vile. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini alichota maji. Akasema: "Taabu ilikuwa ya mama yako. Nilikupa wewe jina ili yeye asibaki nayo."

Majina kama lako yapo sehemu nyingi za dunia, na mengi yametolewa na watu waliotoka kuzika. Kwa Wayoruba, mtoto aliyezaliwa baada ya wenzake kufariki huweza kuitwa Malomo, usiende tena. Au Kokumo, hafi tena. Au Durojaiye, kaa uishi ule maisha. Wamongolia wana Nergüi, hana jina, na Enebish, si huyu. Ukilisoma Enebish taratibu utamsikia mzazi akikiambia kifo mlangoni kwamba kimekosea mtoto. Wachina wengi wa vijijini walimwita mtoto kwa jina la nyumbani kama Gousheng, yaani mabaki ya mbwa, ili kisiwepo chochote kitakachomtamani. Wazazi hao walikuwa wanawaficha watoto wao kwa kitu pekee walichokuwa nacho, ambacho ni neno.

Aliyekuuliza kama unaweza kuaminiwa hakujua alichokigusa. Akitokea mwingine, mwambie kwa sauti ya kawaida: "Walionitangulia wawili hawakuishi. Mimi niliishi." Hatakuwa na swali la pili.

Kubadili jina ni haki yako, wala sitakuzuia. Baraka ni jina zuri, na unaweza kulitanguliza ukabaki na Mashaka nyuma yake; wapo wengi waliobeba mawili. Mandela alipewa na baba yake jina la Rolihlahla, kuvuta tawi la mti, ambalo kwa Kixhosa cha mitaani ni mleta matata. Nelson alipewa na mwalimu siku ya kwanza ya shule. Yote mawili yalibaki yake.

Lakini fomu zisubiri wiki moja. Nenda kwa mama, mkae wawili, bila simu. Muulize ni nani aliyelitamka Mashaka kwanza, na ilikuwa asubuhi au usiku. Kisha muulize wale wawili waliitwa nani. Umeniandikia habari zao, na majina yao hayamo.