Mmeshaingia, hodi ya nini?

SWALI: Mwalimu, nimesikia Wabakwena wa Botswana humheshimu mamba wala hawamli. Mnyama wa namna hiyo tumwite totemu au mwiko wa ukoo? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Totemu nitaifikia. Kwanza nimekwama mlangoni, kwenye hilo "Wabakwena".

Kwa Kitswana kwena ni mamba, na ba- ndiyo wa- yetu. Ukiipachika wa- juu ya ba- umekuwa mgeni aliyekwisha keti sebuleni, kikombe cha chai mkononi, na bado anabisha hodi. Waganda hujiita Baganda. Nani amewahi kusema Wabaganda? Nenda Bukoba ukawaite wenyeji Wabahaya, uone watakavyokucheka. Kwa nini basi adabu hii tuiache Ziwa Viktoria tukielekea kusini? Juzi nimesoma "Wabatswana huzungumza Kisetswana". Maneno matatu, hodi mbili, maana se- nayo ni ki- yetu! Ni Watswana, na lugha yao ni Kitswana. (Msizidishe tena mkawavua Wabena wa Njombe, hiyo be ni yao.) Najua mtanirushia Kilingala, kwa kuwa li- yake nayo ni kiambishi tayari. Hicho kimeshaota mizizi, nami nimekisamehe kwa ajili ya muziki.

Na muziki wenyewe unatufaa hapa. Wapenzi wa dansi la Kongo wanalijua kobina, yaani kucheza. Mtswana naye akitaka kujua ukoo wako huuliza, "O bina eng?" Unacheza nini? Mkwena hucheza mamba, Mkgatla tumbili, Mtlokwa muhanga. Mngwato hucheza phuti, yaani nsya, yule paa mdogo wa vichakani. Husimuliwa kwamba Ngwato, mwasisi wao, alijificha kichakani akiwakimbia adui, nsya akachomoka humo, nao adui wakaamini hakuna mtu ndani. Ndiyo maana kaburi la Khama III, mtawala wa Wangwato, kule Serowe lina nsya wa shaba juu yake.

Sasa totemu. Neno limetoka kwa Waojibwe wa Amerika Kaskazini, likatufikia kupitia Kiingereza. Silipendi, lakini mwiko unashika nusu tu ya jambo: usimle, usimguse. Watswana husema seboko au sereto, na boka na reta yote ni kusifu. Mamba wa Wakwena huimbwa sifa, na mtu akiheshimiwa huitwa kwa jina la mnyama huyo. Hutamwita mtu "Mwiko" ukitaka kumpa heshima. Basi andika totemu, nitafumba macho. "Wabakwena" siwezi.