Muhogo Kwanza, Mpingo Baadaye

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: kuwa msanii tangu utotoni kuna maana gani? Nimekuwa mchongaji hapa Newala, kusini mwa Tanzania, kwa zaidi ya miaka 30, na kwangu mimi maana yake ni kupewa ruhusa ya kuharibu mapema, wakati ambapo kuharibu hakumtii mtu hasara.

Wengi huku husema kwamba uchongaji umo katika damu ya Mmakonde. Kauli hiyo inamnyima haki mjomba wangu. Msimu wa kuvuna muhogo alikuwa akinikatia kipande kinene, akinipa kisu kilichokwisha makali, kisha akaendelea na kazi yake bila kunisimamia. Nilichonga kichwa, pua ikavunjika. Nikachonga kingine, shingo ikakatika. Jioni vichwa hivyo vyote vilitiwa chunguni tukavila, wala hakuna aliyenigombeza. Nilipofika miaka 10 alinipa msufi, ambao ni mti laini, na mpingo sikuutia tezo mpaka nilipokuwa na miaka 16.

Mpingo hauna huruma. Huchukua miaka 70 na zaidi kufikia unene wa kuvunwa, na ndani ya moyo wake mweusi mara nyingi mna ufa ambao huwezi kuuona kwa nje. Unaweza kuwa unachonga ujamaa, ile nguzo ya watu waliobebana, ukakutana na ufa huo wakati watu sita wamekwisha kutokea. Nimewaona waliojifunza ukubwani wakiuziba kwa gundi na vumbi la mpingo, kisha wakapaka dawa ya viatu juu yake, kwa sababu wanaogopa kupoteza gogo walilolinunua kwa fedha nyingi. Aliyeharibu mihogo mingi utotoni huufuata ufa wenyewe kwa patasi, akaupanua hadi ukawa uwazi kati ya mkono na kiuno.

Marehemu George Lilanga, mchongaji na mchoraji aliyezaliwa huku kusini mwaka 1934, naye husimuliwa kuwa alianzia kwenye muhogo. Kuchora kwa rangi alianza akiwa mtu mzima, katika miaka ya 1970, na picha zake za mashetani zikafika hadi Ulaya na Marekani. Naamini ujasiri wa kuanza upya katika umri ule aliutoa kwenye muhogo huo.

Ndiyo maana naumia ninapoona watoto wanaoletwa kwenye vibanda vyetu wakipewa msasa peke yake. Mteja anangoja, kazi lazima ing'ae, na mtoto hulainisha vinyago vya wenzake mwaka mzima pasipo kukata hata kimoja cha kwake. Huyo anajifunza kuogopa mti. Nawasihi mafundi wenzangu: muhogo upo mashambani, tuwape.

Mpwa wangu wa kike ana miaka 8, na nimempa kisu ingawa wazee wengine hunung'unika kwamba uchongaji ni kazi ya wanaume. Jumamosi iliyopita aliniletea mbuzi wa muhogo mwenye miguu mitatu. Nilipomuuliza ule wa nne uko wapi, alimlaza mbuzi wake kwenye kiganja changu, upande uliovunjika ukiwa chini, akasema: "Ameulalia, Mjomba."