Jibu: A2 ya Bukavu na masomo ya msaidizi wa daktari Marekani

Jambo ndugu. Unauliza kama A2 yako ya uuguzi ya ITM, shule ya ufundi wa tiba, inatosha kuomba masomo ya msaidizi wa daktari, hao PA wa Marekani. Haitoshi. A2 ni ya sekondari. Kule PA ni masomo ya masters, karibu miezi 27, juu ya shahada ya chuo, kisha mtihani wa PANCE, wa kuwathibitisha hao PA. Basi anza na ISTM, chuo cha juu cha ufundi wa tiba hapa Kongo, ya Bukavu au Goma, upate lisansi, ndiyo shahada ya chuo. Na kama kuna mtu anayekuomba dola akupitishe bila shahada, achana naye.

Kwenye karatasi za kuombea, cha kuangalia kwanza ni majina, yafanane kote. Karatasi yangu ya alama ilikuwa na jina na postnomu (jina la pili) tu, pasipoti ikaongeza prenomu (jina la ubatizo), barua ya kazi ikageuza mpangilio. Nilirudi sekretarieti mara 4, mara ya mwisho kwa herufi moja!

Halafu masaa. Programu nyingi zinahesabu masaa uliyohudumia wagonjwa. Barua ya "alifanya kazi kwetu" haisaidii. Omba iandike tarehe, masaa kwa juma, na kazi zenyewe: sindano, kufunga vidonda, kupima presha.

Ila kama unachopenda ni kupokea wagonjwa na kuwaandikia dawa, infirmier titulaire, yaani muuguzi mkuu wa sentre ya afya, anafanya hivyo kila asubuhi, hapa hapa.